Gesi ya Kicheko Wakati wa Matanga

Spéciose ni jirani yangu hapa Guildford, Australia, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, na kwa ukaidi hana mpinzani. Mumewe, Anicet, alifariki mwaka jana. Tangu hapo hakucheka mbele ya watu, kwa sababu mama mkwe wake, Mama Fébronie, anashikilia kwamba mjane hacheki mpaka matanga yaondolewe.

Kisha jino likaoza. Shavu lilivimba, naye akaendelea kwenda kazini kuhudumia wazee kana kwamba hana lolote. Mficha maradhi, kilio humfichua. Nilimkamata mkono nikampeleka kliniki ninakomsaidia daktari wa meno. Mama Fébronie akafuatana nasi.

Kuona sindano tu, Spéciose aliruka kitini. Daktari akapendekeza gesi ya kicheko, ile ya kumtuliza mgonjwa.

"Dada Achola, mi siwezi. Matanga haijaisha."

Nilipandwa na hasira. "Usaha ikishuka kooni ni emergency! Unataka kumfuata Anicet?"

Nikamweleza kwamba zamani Wazungu waliivuta gesi hiyo kwenye sherehe, kujifurahisha tu, miaka na miaka, hadi daktari mmoja wa meno alipomwona mtu aliyeivuta akijiumiza mguu bila kuhisi maumivu. Daktari huyo akaivuta, akang'olewa jino lake mwenyewe.

Spéciose alikubali kwa sharti kwamba mlango ufungwe, Mama Fébronie abaki nje. Barakoa ikakaa puani, mabega yakalegea, sindano ikaingia bila yeye kushtuka. Halafu akaanza kucheka, tena kwa sauti ambayo mlango haukuweza kuizuia.

Jino lilipotoka na gesi kumwisha, tulimkuta Mama Fébronie amesimama nje. Nikajua leo kumewaka moto.

"Ulikuwa unacheka nani?"

"Anicet, mama," alijibu kwa mdomo uliojaa ganzi. "Wale ndege wakali wa hapa, magpie, walipokuwa wanalinda viota na wanamudonoa kichwa, alikuwa anaenda stesheni amevaa sufuria kichwani. Akikuta pastor, anaivua kama kofia, anamusalimia."

"Sufuria gani?"

"Yako. Ya maharage."

Mama Fébronie aliketi. Machozi yalimtiririka, lakini mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

"Tangu afe," alisema, "hakuna mtu ameniambia kitu juu ya mtoto wangu. Ni pole tu, pole tu." Akajifuta uso, akamshika mkwewe mkono. "Twende nyumbani. Unionyeshe vile alikuwa anaivua."