Mashemeji kwenye Ngazi Moja

Karibu umri wake wote alikuwa muuza nyama, na watu walimwita Mzani, kwa kuwa hakuna aliyewahi kutoka dukani kwake akinung'unika kwamba kapunjwa. Magoti yalipoanza kumgomea alimwachia mpwa wake duka, akahamia kwa binti yake aliyeolewa, na hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Mtu aliyezoea kusimama nyuma ya meza tangu alfajiri akitaniana na wateja, huwezi kumweka kwenye kochi ukamwambia apumzike. Mzani alihamia jikoni. Binti akikata nyama, baba anashusha pumzi. Binti akiweka sufuria motoni, baba anafunua kifuniko na kuchungulia. Siku moja alimwambia kwamba nyama haikatwi kama mtu anayepasua kuni. Binti akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwa aproni yake.

"Baba," akasema kwa upole, "fahali wawili hawakai zizi moja. Jumamosi unakwenda kwenye klabu ya mkunga."

Mkunga huyo alikuwa amezalisha nusu ya akina mama wa mtaa ule, binti mwenyewe akiwemo, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa klabu ya watu wa kujitolea. Walisafisha zahanati, walishona mapazia ya madarasa, waliwatembelea wazee wasio na jamaa. Mzani habari zao alizisikia kwa mbali tu, na kichwani mwake klabu ilikuwa kitu cha watu wa tai na hotuba ndefu. Wiki nzima alitafuta udhuru. Mara magoti, mara mawingu, mara mpira kwenye redio. Jumamosi ilipofika alikuta shati limepigwa pasi, na binti akamsindikiza hadi getini kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni.

Klabu ilikutana katika chumba kilichokuwa juu ya duka la dawa, hivyo ukipanda ngazi harufu ya dawa ya kikohozi hupanda nawe. Ndani mlikuwa na viti vya plastiki, birika kubwa la chai lililobonyea ubavuni, na dirisha lililotazama gereji ya jirani. Tai hakuiona hata moja. Alimwona fundi cherehani mwenye futi shingoni, na mwalimu aliyevaa kandambili. Roho ikamtulia. Akatafuta kiti cha kukalia, na hapo macho yake yakagongana na ya shemeji yake.

Huyu shemeji alikuwa kaka wa marehemu mkewe, kinyozi kwa kazi, mwembamba kama ufito, na kama kuna mtu aliyethibitisha kwamba ulimi hauna mfupa, basi ni yeye. Zamani walikuwa chanda na pete. Kilichowatenganisha kilikuwa harusi ya binti, iliyofanyika mwaka mmoja baada ya mama mtu kufariki. Kinyozi alipopewa kipaza sauti aliwasimulia wageni jinsi Mzani alivyomposa dada yake. Hakuleta barua, alisema, wala maua, alileta maini yaliyofungwa kwenye gazeti, kila Jumamosi, mpaka paka wa nyumbani wakaanza kumwita shemeji. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mzani hakucheka. Alikuwa amekaa karibu na kiti kitupu, na aliona mapenzi yake ya ujanani yamefanywa mchezo mbele ya wakwe wapya. Aliondoka bila kuaga. Tangu hapo, wakikutana njiani, kila mmoja alipata ghafla jambo la kutazama ng'ambo ya barabara.

Angegeuza pale pale arudi nyumbani, lakini mkunga alikwisha kumtia kikombe cha chai mkononi, na muungwana hakimbii na kikombe cha watu.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kupaka rangi chumba cha kusubiri cha zahanati. Sijui kama mkunga hakujua habari za wale wawili au alizijua vizuri kupita kiasi, ila alimpangia kinyozi apande ngazi kwa kuwa ni mwepesi, na Mzani aishike kwa kuwa mikono yake ilizoea kubeba mapaja ya ng'ombe. Ngazi yenyewe ilikuwa ya mbao na mguu mmoja mfupi. Ukiiacha, inakwenda na mtu.

Basi wakafanya kazi, na kuzungumza wakazungumza, lakini kwa kupitia mwenyekiti. Wa chini alimwomba mkunga amwambie aliye juu kwamba brashi yake inachuruzika. Wa juu alimwomba mkunga amwambie aliye chini kwamba ngazi si mgonjwa, aishike kwa nguvu. Mkunga akafikisha salamu hizo mara mbili. Safari ya tatu akasema amepokea watoto wa kila aina, wengine wakitanguliza miguu, lakini hajapata kuchoshwa na wachanga kama hawa. Akaenda zake kupaka mlango.

Kinyozi akanyoosha mkono kufikia pembe ya dari, na donge la rangi likamponyoka likatua katikati ya kichwa cha Mzani. Akina mama waliokuwa wakisubiri barazani waliliona kupitia dirishani, wakaziba midomo kwa khanga zao. Mzani hakusogea, maana angeachia ngazi shemeji angeanguka. Alisimama tu, rangi ikimshukia taratibu kuelekea kwenye nyusi.

Kinyozi akashuka haraka, akachovya kitambaa kwenye maji, akamkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akaanza kumfuta. Kisha mkono ukasimama. Akakishika kichwa kwa vidole viwili, akakigeuzia kwenye mwanga, upande huu na upande ule.

"Shemeji," akasema, ikiwa ni mara ya kwanza kwa miaka yote hiyo, "nani amekunyoa hivi?"

Mzani akakiri kwamba yuko kijana mmoja karibu na gereji.

"Na sikio hili?"

Sikio nalo, Mzani akasema, liliguswa kidogo na mashine.

"Ukinichukia nichukie," kinyozi akasema kwa uchungu, "lakini kichwa chako kimekukosea nini?"

Mzani alijitahidi kukaza uso. Kicheko kikamwanzia tumboni, kikapanda, na alipokizuia mdomoni kikatokea puani. Kinyozi hakucheka. Aliendelea kufuta polepole, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya chini.

"Siku ile ya harusi watu walimtaja kila mtu. Bwana harusi, wakwe, wapishi, mpaka dereva. Dada yangu hakuna aliyemtaja. Na mimi hotuba ya kuliza watu siijui, najua kuchekesha tu. Nikaona heri wacheke naye kuliko wamsahau."

Mzani akatazama sakafu yenye matone ya rangi. Ilikuwa kweli. Yeye mwenyewe hakumtaja, kwa kuogopa kwamba akilitamka jina lile machozi yangemwaibisha mbele ya wageni.

"Nilidhani unanicheka mimi," akasema.

"Na wewe pia. Kidogo."

Halafu Mzani akasema kwamba kuna jambo moja hakuwahi kulielewa: alipooa ndipo alipogundua kwamba mke wake hali maini kabisa.

"Najua," kinyozi akajibu. "Wewe unadhani nani alikuwa akiyala?"

Walicheka hadi mkunga akachungulia kuuliza kama rangi imekwisha au akili. Wakainuka. Mmoja akapanda, mwingine akashika. Mstari wa juu ulikwenda kombo karibu na dirisha, na mpaka leo kila mmoja anasema kosa ni la mwenzake.

Siku hizi wao ndio wanaokwenda pamoja kwenye makao ya wazee. Kinyozi hunyoa, Mzani hubeba maji na kupanga viti, kisha huketi kupiga soga. Yupo mzee mmoja, aliyekuwa dereva wa malori, ambaye hakumruhusu mtu yeyote aguse ndevu zake. Mzani alimkalia ubavuni akabishana naye kuhusu mpira kwa ukali kiasi kwamba mzee hakutambua wembe ulipoanza na ulipomaliza. Alipopewa kioo alijitazama kitambo, akauliza huyu kijana ni nani. Wakirudi njiani, mashemeji humzungumzia dada mtu na mke mtu bila kumeza mate: alivyokuwa akiimba kwa sauti isiyoshika wimbo, alivyompiga mbwa wa jirani kwa mwiko.

Mwezi uliopita klabu ilipewa maktaba ya shule ipakwe rangi. Mkunga akawatuma wawili hao dukani wakachague buluu. Mmoja akataka ya bahari, mwingine ya mbingu, wakabishana mpaka mwenye duka akawaletea viti. Jioni walirejea wamebeba ndoo mbili, wameridhika kabisa, na zote zilikuwa za kijani.