Goti Tulilolizika Mazinde

Mkonge uliotoka kuchambuliwa una harufu yake, chachu na nzito, ya majani yaliyosagwa na maji yaliyolala. Ukishaivuta mara moja itakufuata mpaka uzeeni. Juzi nilikuwa Korogwe, nimesimama dukani nachagua sabuni, upepo ukaileta kutoka mashambani, nikaganda pale kama nguzo ya umeme. Mwenye duka akaniuliza kama naumwa. Siumwi, ndugu zangu. Nilikuwa nimerudi Mazinde, mtoto wa darasa la tatu, nimekaa juu ya gunia la mahindi, na mbele yangu Dada Maren anafunga bandeji gotini.

Maren alikuwa Mjerumani, na kazi yake ilikuwa kucheza tenisi. Sisemi mchezo wa jioni wa kutoa jasho. Ni kazi hasa, iliyomlisha na kumzungusha nchi ambazo sisi tulizisikia redioni tu. Tangu utotoni hakujifunza kingine. Kisha goti la kushoto likamharibikia, madaktari wakalipasua na kulishona, naye akaja kupumzika kwa mama yake mdogo, aliyekuwa akifundisha ushonaji kule milimani Lutindi. Huko akasikia kwamba Mazinde, kwenye shamba la mkonge, kuna uwanja wa saruji wa tenisi waliouacha mameneja wa zamani. Uwanja ulikuwepo kweli, ila sisi tulikuwa tunaanikia mahindi.

Nilikuwa nakaa na shangazi yangu Mwanahawa, aliyenichukua kwetu Handeni nisome huku. Kazi yake ilikuwa kuanika singa, zile nyuzi za mkonge, na sauti yake ilifika Mombo bila kupanda gari. Siku alipomkuta Maren anasukuma mahindi yetu pembeni kwa ufagio, alimuuliza anatoka wapi.

"Lutindi," akajibu Maren kwa Kiswahili cha kuokoteza.

"Basi wewe Msambaa, mimi Mzigua. Mtani wangu, haya mahindi utayatafuna mabichi."

Ikawa imekwisha. Kwetu ukishaitwa mtani, hakuna ofisi ya kukata rufaa. Kila asubuhi shangazi alimpigia kelele kwamba mtu aliyezoea ukungu jua letu litamkaanga abaki mafuta matupu. Maren naye, sijui nani alimfundisha, akawa anajibu, "Nyie Handeni mnaoga mvua ikinyesha." Wanawake walicheka hadi singa zikawaponyoka.

Mchana mmoja alikaa kizingitini kwetu, tunakula mhogo, akatuambia kwamba Jumamosi atacheza na Mwalimu Elisante, aliyekuwa akifundisha michezo sekondari moja ya Korogwe. Seti nzima, kwa nguvu zote.

"Goti likivumilia, narudi kwenye kazi yangu," alisema. "Likikataa, naacha."

"Unaacha kabisa?"

"Kabisa, shangazi. Daktari amesema halipasuliwi tena."

Shangazi akachagua kipande kikubwa cha mhogo. Akamsogezea sahani.

Jumamosi Mazinde nzima ilihamia uwanjani, na nadhani hata mbuzi walikuja. Mwalimu akatuomba tunyamaze, kwa kuwa tenisi haitaki kelele. Watu waliozoea kushangilia mpira wa miguu mpaka koo zipasuke wakanyamaza. Nilisikia mpira ukidunda, viatu vikikwaruza saruji, na Maren akivuta pumzi kwa meno yaliyobanana. Alikuwa anaongoza. Mwalimu alikimbizwa kulia na kushoto, shati limelowa, na mimi nilikuwa nimeikunja kanga ya shangazi mkononi hadi vidole vinauma. Ila niliona kitu ambacho sikukipenda. Kila baada ya pointi Maren alisimama kwa mguu wa kulia, ule mwingine akiugusisha chini kidogo tu, kama mtu anayepima maji ya moto.

Mwalimu akadondosha mpira mfupi, upande wa kushoto. Maren akaufuata. Mguu ukakanyaga, ukapinda, akakaa chini.

Mwalimu akasogea kwenye wavu. "Dada, basi."

"Bado."

Akainuka. Akarusha mpira juu, akaupiga, Mwalimu akaurudisha palepale kushoto. Maren akapiga hatua moja na goti likamwangusha. Raketi ikaserereka hadi kwenye mahindi. Akajifunika uso kwa mikono. Mchezo ulikuwa umekwisha.

Hapo shangazi akaninyang'anya kanga yake. Akajitanda kichwani kama anayekwenda msibani, akaingia uwanjani akichechemea, kuchechemea kwa Maren kulekule, akajitupa chini kando yake na kuanza kulia kwa sauti.

"Goti we, goti la Lutindi, umetuachia nani? Umekanyaga mahindi yetu, leo unaondoka hata hujaaga."

Nilitamani saruji ipasuke inimeze. Kwetu ndivyo watani wanavyofanya msibani, wanamwigiza marehemu, wanalizuia jeneza lisitoke, na wafiwa wanajua. Huyu Mjerumani nani alimwambia? Nilimwona akishusha mikono, uso mwekundu, akamtazama shangazi muda mrefu. Nikajua sasa atampiga.

"Shangazi," akasema, "unalia vibaya."

"Nalia vipi?"

"Kama mtu wa Handeni. Hakuna maji."

Wanawake wakapasuka kwa kicheko. Shangazi, bila hata kutabasamu, akadai hatoki pale mpaka marehemu azikwe. Maren akafungua bandeji, shangazi akaiviringisha kwenye kipande cha kitambaa cheupe, wakachimba kishimo pembeni mwa uwanja. Maren akatupia udongo wa kwanza. Kisha akina mama wakatandika mkeka, mmoja akaenda kupika uji, wakakaa naye hadi jua likapoa, wakizungumza mambo madogo madogo ya wafiwa: mvua, bei ya sukari, mtoto wa fulani.

Mimi nilizunguka mkeka nikicheka, nikingoja shangazi aanze tena vituko, nikimvuta Maren mkono aje tucheze. Hakuja. Nilidhani utani bado unaendelea, na nilishakuwa mtu mzima, nimeshakaa matanga ya watu wangu, ndipo nilipotambua kwamba tangu ule udongo ulipoanguka, hapakuwa na mtu pale mkekani aliyekuwa anatania.