Moshi wa Saa Nne

Asubuhi ya mwisho ya likizo yangu niliamkia shambani kwetu Boito, nikichuma chai na mama. Alinicheka kwamba jeshi limenilegeza vidole. Saa nne tuliacha vikapu tukanywa chai, kwani pande zetu hata ikinyesha mvua ya mawe, chai ya saa nne haikosi. Wiki moja baadaye nilikuwa jangwani, ng'ambo ya mpaka.

Huko ndiko nilikokutana na Otieno. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa, lakini yeye alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa chai Kericho, na matusi ya Kikipsigis, lugha ya kwetu, aliyajua kunishinda. Tulijinyima maji ya kunawa ili saa nne sufuria iwe motoni. Luteni wetu alifoka kwamba adui anauona moshi ule. Alisema kweli. Tulikuwa wajinga, na chai tuliinywa kwa raha.

Adui alishikilia kisima cha pekee, juu ya kilima kilichotutazama. Lori letu la maji lililipuliwa njiani, tukabaki na maji ya siku mbili. Kumwendea adui waziwazi kwenye uwanda ule ilikuwa kujiua. Ndipo luteni akatuita, safari hii bila kufoka, akatueleza mpango. Kikosi kingetoka kabla ya alfajiri, kifuate mkondo wa mto uliokauka hadi nyuma ya kilima. Mtu mmoja angebaki kambini, awashe moto saa nne kama kawaida, kisha ajifiche handakini. Adui angeamini tuko pale sote.

Nilijitolea. Otieno akanisukuma kando.

"Wewe chai yako ni maji ya kuosha vyombo," akasema. "Hata adui atajua hakuna watu hapa."

Tulicheka, hata luteni.

Saa nne, tukiwa nyuma ya kilima, tuliuona moshi ukipanda.

Kombora la kwanza likaanguka kambini. Moshi ukafifia, kisha ukapanda tena. Otieno alikuwa ametoka handakini kuongeza kuni.

La pili likaanguka.

Tuliwakuta maadui wametugeuzia migongo, wakiutazama moshi. Kabla ya saa sita kisima kilikuwa chetu, na kati yetu tuliopanda hakuna aliyechubuka. Otieno tulimkuta kando ya moto, amekufa.

Sasa nimestaafu, nachuma chai, na mara nyingi nikimkumbuka nacheka, maana alikuwa mcheshi kweli. Mpango ule ulikuwa mzuri. Bila maji tungekufa wengi. Nilimweleza mama yake hayo nilipomtembelea Kericho. Alisikiliza yote, kisha akauliza kama maji yalipatikana.

"Yalipatikana, Mama. Mengi."

"Mkanywa?"

"Tulikunywa wote."

Akanishika mkono, kwa upole kuliko nilivyostahili.

"Hapana, kijana wangu," akasema. "Si wote."