Aliyeleta Difu ya Mbele

Najua mtasema fundi amevuta moshi mwingi wa welding. Semeni. Mimi nilikuwepo, nilikuwa macho, na ilikuwa mchana. Gari lenyewe bado linatembea hapa Eldoret, na ukilala chini yake utaona kazi ya mikono yangu.

Mimi ni Mjaluo, kwetu ni Uyoma, upande wa Ziwa, lakini ufundi wa magari nimeufanyia hapa Eldoret tangu ujana. Wakati wa fujo za uchaguzi nilikimbia na familia, na tuliporudi nilikuta gereji imebaki nguzo. Nikaanza upya. Tatizo ni kwamba nilirudi bila usingizi wangu. Mteja akiingia, kabla sijalitazama gari, namwuliza jina. Akisema Peter, nauliza Peter nani. Sote tulifanya hivyo siku zile. Jina la kwanza ni la kanisani, halikuambii kitu. Jina la pili ndilo linalokuambia umesimama na nani.

Mzee Kiptoo, Mnandi wa hapa, sikuhitaji kumwuliza. Alikuwa mteja wangu wa miaka mingi kutoka huko ndani, mbali na lami ya Cheptiret, na tangu nirudi tulikuwa tukizungumza habari za gari tu, fujo hatukuzigusa. Alikuwa na pikipu kuukuu ya kubebea maziwa, ya zile zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Mvua ikinyesha inakaa kwenye matope kama kuku anayeatamia. Akaniambia niifanye fowili, magurudumu yote manne yavute. Nilimshauri aiuze anunue nyingine. Akakataa katakata.

Kisha akaniambia sababu. Chebet, mke wa mwanawe, alikuwa mjamzito na mvua ndefu ilikuwa inaanza. Mimba ya kwanza aliipoteza njiani wakati wa fujo akipelekwa hospitali, na yaliyotokea huko alikuwa hajamsimulia mtu. Mzee alisema hii ya pili haitapotea kwa sababu ya barabara. Mume wa Chebet alikuwa kazini mbali, kwa hiyo mzigo wote ulikuwa wa Mzee.

Basi nikaanza. Nilikata vyuma vyote vya mbele, nikatengeneza mahali pa kukalia springi, nikatoboa sakafu kwa ajili ya ile gia ndogo ya fowili. Hayo nayaweza. Lakini utavutisha magurudumu ya mbele na nini kama huna difu ya mbele, ule mhimili wa kuyazungusha, na transfa ya kuigawia nguvu? Nilizitafuta kwa wauza vyuma wote wa mjini, nikaenda hadi Moi's Bridge, nikarudi mikono mitupu. Gari likabaki juu ya mawe na mvua ikazidi.

Ndipo akaja yule mtu. Mvua inanyesha, yeye anasukuma mkokoteni, na juu yake kuna difu ya mbele nzima na transfa yake. Nani alimwambia ninazitafuta? Nikamwuliza jina. Daudi. Daudi nani? Akasema Daudi tu. Alikuwa akizungumza Kijaluo, tena cha kwetu kabisa, lakini hilo halikunituliza. Uyoma nzima ningekosaje kumjua? Nikatazama gambuti zake, zile buti za mpira. Uwanja wote ulikuwa uji wa matope, na gambuti zake zilikuwa safi.

Nikadhani ni mwizi. Baadaye nikadhani ni mbaya kuliko mwizi, kwamba ametumwa kutuhesabu sisi tuliorudi na kujua tunalala wapi. Nikamwuliza anataka nini. Akasema hataki malipo, ila gari likitoka siku ya kwanza, wampe nafasi nyuma amalizie safari yake. Safari ya wapi? Akasema nitaona. Niaminini, nilitaka kumfukuza. Lakini Mzee Kiptoo alifika wakati huohuo, akasimama na yule mtu kando wakazungumza, akarudi akicheka na kuniambia nifunge vyuma.

Nilivifunga kwa hasira. Kila nati nilikuwa naitazama mara mbili. Kwenye difu kulikuwa na mahali palipowahi kuchomelewa, mshono mbaya uliopinda, kazi ya fundi mlevi. Nikaukariri huo mshono, maana nilijua siku moja polisi wataniuliza.

Siku ya kujaribu gari, Daudi alikuwa amekwisha kukaa nyuma kabla hatujawasha. Mzee akashika usukani, mimi nikaketi kando yake, tukaelekea kwake. Njiani nikashindwa kujizuia. Nikamwambia anabeba mtu asiyejulikana, na ingawa ni Mjaluo mwenzangu, mimi simdhamini.

Mzee akapunguza mwendo. "Mjaluo gani? Huyo ni mtu wa kwetu. Ameongea na mimi Kinandi."

"Mzee, ameongea na mimi Kijaluo. Cha Uyoma."

 Mzee alikuwa akinitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake, na bila shaka mimi nilimtazama vilevile. Nilifikiri wamepanga njama, yeye na yule mtu, wanipeleke mahali. Baadaye aliniambia na yeye aliwaza hivyohivyo juu yangu. Nikageuka nikachungulia kwenye kioo cha nyuma. Mvua ilikuwa inamwagika, na Daudi alikuwa amekaa mkavu, hata shati halijashika tone. Nikageuka mbele upesi.

Hapo simu ya Mzee ikalia. Ni mkewe. Chebet ameshikwa na uchungu.

Hatukuulizana tena. Tuliacha lami, Mzee akavuta gia ndogo, na pikipu ile ikapanda matope ambayo trekta lingeyakimbia. Tulipofika, Chebet alitolewa nje akiwa ameshikwa huku na huku. Macho yake yakaenda nyuma ya gari. Nilitegemea apige kelele, lakini alisimama tu, machozi yakaanza kumtoka.

"Baba, ni yeye," akamwambia Mzee. "Ndiye alinibeba na gari yake ile siku. Walimsimamisha kwa kizuizi, wakamwuliza jina ya pili, akakataa kusema. Akawaambia tu mama ana haraka. Nimeona wakimuua."

Mnafikiri mtu afanye nini hapo? Chebet aliingia ndani ya gari kabla yetu. Ndani wakakaa watatu, yeye na wakwe zake, na mimi sikuwa na pa kukaa ila nyuma. Nikapanda. Nilikaa kwenye kona yangu nimeshika chuma kwa mikono miwili, Daudi kwenye yake, akitazama mbele. Tulipokaribia mahali ambapo kizuizi kilikuwa, palipokuwa na gamba la gari lililoungua kando ya barabara, akagonga paa mara kadhaa, kama makanga anayemwambia dereva aendelee. Mzee hakupunguza mwendo.

Na mimi, katika hofu ile yote, bado nilikuwa na swali langu lilelile. Tabia ni kitu kigumu. Nikamwuliza, Daudi nani?

Akanigeukia akanijibu. Alitaja jina langu la pili. Lilikuwa lenyewe, jina la marehemu baba yangu, kwa sauti ambayo baba alilitamkia.

 Tulipoingia lango la hospitali, kule nyuma nilikuwa peke yangu, nimelowa chapachapa. Chebet alijifungua msichana muda mfupi baadaye, na kilio cha mtoto kilisikika hadi huku tulipokuwa tumesimama. Mzee Kiptoo alinishika bega akalia kama mtoto, na mimi nililia.

Siku chache baadaye nilienda kulitazama lile gamba la gari. Nililala chini yake. Difu ya mbele ilikuwepo, imeungua na kutu imeila, na mshono wake mbaya umepindia palepale. Kisha nikarudi nikalala chini ya pikipu ya Mzee, na huko pia ilikuwepo, na mshono uleule.

Kilichonibakia hadi leo ni kwamba masikio yangu hayatambui tena lafudhi. Mtu yeyote akifungua kinywa, namsikia kama mtu wa Uyoma. Mke wangu huniambia yule mteja ni kabila fulani, mimi nambishia. Uchaguzi ukikaribia, mafundi wenzangu hunivuta kando kunionya nijihadhari na wale. Nawauliza, wale gani? Wanadhani nawafanyia mzaha.

Nawe unayenisikiliza, siku watakapokuweka barabarani na jiwe mkononi umwulize mpita njia jina lake la pili, fikiri vizuri. Yupo mmoja anayeweza kukujibu. Ukishalisikia jibu lake, hutajua tena adui yako ni nani.