Poda Juu ya Mbabula

Mlio wao ningali nao masikioni: vifaranga wakilia wote pamoja ndani ya karatoni, mlio mwembamba usiopumzika. Walishuka na treni ya Lubumbashi, nikawabeba kichwani mpaka kwetu kambi ya reli, nikicheka peke yangu njiani. Mama alikuwa ameuza cherehani yake, kitu pekee kilichotulisha tangu mshahara wa baba ukatike, ili anunue kuku hao wa nyama. Mimi kichwani nilikuwa nimeshafungua mgahawa, na viti vyekundu.

Docta wa mifugo, dada mmoja anayezunguka na pikipiki, alitushauri poda ya kuchanganya na chakula. Alieleza kwamba ndani yake mna vidudu vizuri, vyenye uhai, pamoja na chakula chao wenyewe. Vikikaa tumboni mwa kuku vinalinda matumbo, vile vibaya vinakosa nafasi. Nilipenda sana habari hiyo. Mama akipima kijiko asubuhi, mimi nilivisalimia vile vidudu kimoyomoyo.

Kisha mvua. Kwetu mvua ikianza, chumvi inatundikwa juu ya mbabula, jiko letu la makaa, isilowe. Mama akaitundika poda hapohapo kando ya chumvi, maana kitu cha thamani hakiachwi kipate unyevu. Hakuna aliyeona ajabu.

Kuku walipoanza kuhara, mama alizidisha kijiko. Manyoya ya nyuma yakagandamana, wakawa wanasimama wamejikunyata, macho yamefumba. Kila kukicha tuliokota wafu. Jirani yetu, mke wa askari wa base ya jeshi, alichungulia juu ya ua akasema, "Mama, kuku zako ziko zinakula dawa kupita bagonjwa ya hôpital." Mama alicheka kidogo, kwa heshima tu.

Docta alipokuja alimpasua mmoja aliyekufa, akatuonyesha matumbo: yamevimba, ukuta wake mwembamba kama karatasi iliyolowa. Akauliza poda tunaiweka wapi. Niliishusha pale juu ya mbabula, nikampa. Aliishika kwa viganja viwili. Pakiti ilikuwa na joto.

Mama ndiye aliyeuliza, akijigusa kifua. "Docta, njo minyi niliziua?"

"Hapana, mama. Bugonjwa njo iliziua," docta alijibu, polepole. "Lakini vile vidudu vilikufa na moto zamani. Kuku zilibakia bila mulinzi."

Alituachia dawa ya kuhara, akasema tujaribu kwa waliobaki, na poda nyingine, tukiipata, ikae kivulini, penye baridi. Mama hakuwa anasikia tena. Alikaa kwenye kigoda, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Nilimwambia bado wako wengine wazima. Akasema, "Zikufe tu, mutoto yangu. Minyi sitaingia tena mule."

Kesho yake hakutoka chumbani, hata chai hakuichemsha. Niliingia bandani peke yangu. Nilimchukua mmoja aliyekuwa amelala ubavu kwenye maranda, nikamweka mapajani, nikamwosha nyuma kwa maji vuguvugu, taratibu, mpaka manyoya yakaachana. Nikamkausha kwa pindo la kitenge changu, nikamfungua mdomo kwa kidole, nikamtonesha dawa.