Kiti Kilichomwangusha Mkwe

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya samani pale Ifakara, miaka ya tisini inaanza, msimamizi alininyang'anya nyundo. "Hapa kiti kikilegea hatupigi misumari," akasema. "Tunakifungua."

Nyie vijana wa leo mnakimbilia msumari, ndiyo maana viti vyenu vinalia. Mguu wa kiti una ulimi, na ulimi unaingia kwenye tundu. Ukilegea, ujue gundi imekufa humo ndani, na gundi mpya haishiki juu ya iliyokufa. Sharti uiondoe yote. Patasi haifiki kwenye kona, kwa hiyo tulitumia kimashine cha umeme cha kushika kwa vidole, mbele kina kijino kinachozunguka kama cha daktari wa meno. Ukikikandamiza, kinakula mbao na tundu linapanuka. Wenzangu walikiogopa. Mimi mkono wangu ulikuwa mwepesi, nasema bila haya.

Baadaye nikahamishiwa tawi la Kidatu. Siku moja akaja karani wa mashamba ya miwa na kiti cha mninga, uso umemshuka. Baba wa mchumba wake alitoka Kisawasawa kuja kupaona anapoishi, kiti kikamwangusha mbele ya watu. Mzee akaondoka bila kula.

"Jumapili anarudi, na amesema atakalia hichohicho," akaniambia. "Akianguka tena, fundi, mke sina."

Meneja wa tawi akataka nipige msumari, kazi ziende. "Si kiti tu?"

"Si kiti, bosi. Ni mkwe."

Nikakifungua. Nikasafisha matundu taratibu, ulimi uliolika nikaubandika kibanzi cha mninga, nikatia gundi na kukaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka ikakauka.

Jumapili nilialikwa. Kumbe mzee mwenyewe ni pande la mtu, na hilo sikuambiwa! Akakipindua kiti, akapapasa miguu yote akitafuta msumari. Kisha akakaa. Nilitamani kutoka nje. Akaegemea, akauliza habari za mpunga, wakaingia kwenye mahari. Walibishana hadi jioni, mzee akijirusha nyuma kwa kicheko, na kiti hakuna aliyekitaja. Mzee akakubali kumwoza binti.

Sasa nimestaafu, macho hayaoni tena ndani ya tundu. Mameneja walinisifu sana, Mungu awabariki. Lakini hakuna aliyenisifu kama mzee yule, aliposahau kabisa kwamba amekalia kiti.