Kioo cha Upande wa Mama

Maksai aliyevunja kioo cha gari langu hakuwa na haraka yoyote. Alikuwa anavuta mkokoteni wa mahindi na mwenzake, karibu na soko, na mimi nilikuwa nimesimama kuwaachia ukingo wa kushoto wa barabara wapite. Alipofika usawa wa mlango wa kushoto akageuza kichwa kutazama sijui nini, pembe ikagonga kioo, na kioo chote kikamwagika kwenye kiti kama punje za mahindi. Maksai akaendelea na safari yake.

Mwenye mkokoteni akaja mbio, kofia mkononi.

"Samahani sana dada. Huyu hana adabu tangu alipokuwa ndama."

"Na wewe mwenye adabu ulikuwa wapi?"

Nilimfokea mpaka watu wakasimama kutazama. Mimi nina mdomo, kila anayeshonesha nguo kwangu anajua, na siku ile ulifanya kazi. Kisha katikati ya maneno nikaanza kulia, na yule baba akachanganyikiwa kabisa. Alidhani nalilia kioo. Nilikuwa nalilia alama za vidole vya mama yangu.

Kiti kile cha mbele, kushoto, kilikuwa cha mama. Alikikalia kila nilipomleta Sumbawanga mjini kliniki ya presha, na kila nilipomrudisha nyumbani, mbele kidogo ya Kaengesa, alikokuwa anaishi na kaka yangu. Gari langu ni dogo na la zamani, haya ambayo vijana huyaita bebiwoka, na vioo vyake vinapanda na kushuka kwa kuzungusha kishikio mlangoni. Mama akishaketi tu, kabla sijawasha hata injini, alikuwa ameshazungusha kioo chake mpaka nusu.

"Mama, baridi."

"Vaa sweta."

"Nimevaa."

"Vaa lingine. Nitamsalimia mtu kupitia kioo? Mimi ni andazi, niwekwe kwenye kabati?"

Na alisalimia kweli. Watoto aliwapungia tu, lakini akiona mtu mzima kando ya barabara, hata kama amebeba kuni na yuko mbali shambani, ilikuwa lazima nisimame. Mama alianza kwa makofi yale ya kwetu, ya taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, na yule wa nje naye akapiga yake. Ndipo zikaja habari: za nyumbani, za watoto, za shamba, za mgonjwa aliyekuwa anaumwa mara ya mwisho walipoonana. Upepo wa Ufipa wakati huo unaingia dirishani kwake na kuja kunikaa mimi masikioni.

"Utanimalizia petroli yangu kwa salamu," nilimwambia siku moja.

"Petroli inanunuliwa," akasema, akaendelea kutafuta mtu mwingine wa kumsalimia.

Sisemi haya ili nijilaumu. Kulikuwa na baridi, na bado nasema kulikuwa na baridi.

Mahali barabara ilipoharibika, mama alijishikilia kwa kukandamiza vidole kwenye kioo, kwa ndani. Nilimwonyesha mshikio wa juu, akasema ule uliwekwa kwa ajili ya watu warefu. Mikono yake aliipaka mafuta ya mgando asubuhi na jioni kwa sababu ya kupasuka, kwa hiyo kila safari aliniachia alama nne kwenye kioo, na kila nilipolisafisha gari nilizifuta huku nikinung'unika.

Alifariki wakati wa mvua. Siku chache baada ya kuzika nikarudi mjini peke yangu, na jua lilipotoka kati ya mawingu nikaziona. Zilikuwa nne, zimekaa kwa ndani, vumbi limenata juu yake mpaka mistari ya ngozi inaonekana. Tangu siku ile sikuzifuta. Gari likipelekwa kuoshwa niliwaambia vijana wasiguse kioo kile kwa ndani. Hii ni Sumbawanga, mji unaosifika nchi nzima kwa uchawi. Ukisema hivyo hakuna anayekuuliza mara mbili. Mmoja aliweka kitambaa chini taratibu na kwenda kuosha matairi.

Basi ndicho kilichovunjwa na pembe. Nilizoa vipande vyote kwenye kiti, nikavitia kwenye mfuko wa kitenge, nikakaa navyo jioni nzima nikivigeuza mwangani. Kioo cha gari hakivunjiki kwa heshima. Kinasagika, na huwezi kujua kipande hiki kilikuwa juu au chini, wala kama ule ukungu ni wa mama au ni wa kidole chako mwenyewe. Nilivitupa kesho yake, kisha nikajuta, kisha nikaona hata kujuta hakuna maana.

Fundi wa vioo aliniambia kioo cha gari kama langu hakipatikani hapa, kitaagizwa Mbeya kije na basi. Kwa muda ule akanizibia mlango kwa mfuko wa ndani wa mbolea, ile nailoni nyeupe nzito, akaizungushia utepe wa gundi pande zote.

"Hii itakuvusha siku mbili tatu, mama."

Kioo kilifika, akanipigia simu. Nikamwambia leo nina sare za shule za kumalizia. Akapiga tena, nikamwambia cherehani imegoma. Mara ya tatu sikupokea. Kipupwe kilikuwa kimeanza, nailoni inapigapiga njia nzima, dada zangu wa pale kazini wananicheka kwamba naendesha kibanda cha mbogamboga, na mimi sikwenda. Ukweli ni kwamba niliogopa. Lile tundu bado lilikuwa lake. Kioo kipya kingekuwa kitu ambacho mama hakuwahi kukigusa, kimekaa mahali pake kama vile yeye hajawahi kuwepo. Nilimkumbuka mpaka mbavu zikaniuma, na niliona afadhali baridi.

Katika hali hiyo nikaenda nyumbani siku moja kuchukua maharage kwa kaka. Kabla ya kufika kwetu, ng'ombe walikuwa wanavuka barabara, na wala hawakujali kwamba mimi na jamii yao tulikuwa hatuelewani. Nikazima injini nisubiri. Hapo niliposimama palikuwa mbele ya nyumba ya mama mmoja mzee, rafiki wa mama yangu tangu walipokuwa wasichana. Mimi namwita mama mkubwa. Mama hakupita pale hata mara moja bila kusimama. Mzee huyu hakuwepo kwenye mazishi. Alikuwa ameteremkia ziwani, Kipili, kwa binti yake aliyejifungua mapacha, akakaa huko miezi.

Nilimwona akitoka uani kwa mwendo wake wa kuyumba, khanga begani, anacheka tayari. Alilijua gari. Alikuja moja kwa moja upande wa kushoto, kama siku zote, akawa kivuli nyuma ya ile nailoni nyeupe.

"Mwenzangu," akasema kwa Kifipa, "nimerudi jana jioni. Mbona umefungiwa kama mbolea?"

Akapiga makofi ya salamu.

Nyuma yake, kupitia kioo cha mbele, nilimwona mkwe wake amesimama uani na sufuria mkononi, ananitazama huku akitikisa kichwa. Nikaelewa. Walikuwa hawajamwambia. Kwetu mtu akitoka safari hapewi habari ya msiba akiwa bado na vumbi miguuni. Anaachwa ale, alale, ndipo watu wazima wamketishe.

"Umelala?" akauliza kivuli. "Au umekasirika kwamba sikukuaga?"

Akapiga tena makofi, akasubiri. Kwetu salamu haiachwi hewani. Nilitazama kiti kile kitupu na mikono yangu ikaachia usukani. Nikapiga makofi. Niliyapiga kama mama alivyopiga, viganja vimekunjwa, taratibu, na kile kituo chake kidogo kabla ya kofi la mwisho.

Nilijua ninachofanya. Nilitaka mama aitikie. Kwa muda wa salamu moja tu nilitaka awe amekaa pale, kioo kimeshushwa nusu, ananichelewesha.

"Eeh! Upo," akasema mzee kwa furaha. "Habari za nyumbani?"

"Mmh," nikaitikia.

"Watoto?"

"Mmh."

"Ile miguu yako?"

Hapo nilitoa sauti iliyofanana na kikohozi.

"Kifua hicho, ni baridi hii. Ngoja. Nimekubebea migebuka toka ziwani, mikavu, mizuri. Nimekutengea ya kwako kabla hata sijawagawia hawa." Akageuka kuelekea nyumbani.

Salamu niliweza kuipokea kwa niaba ya mama. Samaki sikuweza. Nilishuka, nikazunguka gari, nikapiga magoti barabarani mbele yake.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, dereva wangu. Mwambie mama yako ashuke, aache uvivu."

"Mama hayupo."

"Hayupo vipi? Nimeongea naye sasa hivi."

"Ni mimi niliyekuwa naitikia, mama mkubwa. Mama tulimzika wakati wa mvua."

Hakunitazama. Alirudi mpaka mlangoni, akaweka kiganja juu ya nailoni, akasukuma. Nailoni ikaingia ndani, ikaingia, mpaka mkono wake ukazama karibu hadi kwenye kiwiko, na hapakuwa na bega la kuuzuia. Gundi ikaachia upande wa juu. Aliutoa mkono taratibu, akanipiga begani, kofi la kweli, lililouma. Kisha akauacha mkono palepale begani na tukalia, yeye amesimama na mimi nimepiga magoti, mpaka ng'ombe wote wakapita na mchungaji wao akavua kofia bila kuuliza.

Migebuka alinipa ileile. Alisema ilishatengwa kwa jina la mama na hawezi kumgawia mwingine. Niliiweka kwenye kiti cha kushoto, na gari lilinuka ziwa mpaka Sumbawanga.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa fundi mwenyewe, bila kuitwa.

"Mama! Nilidhani umeliuza gari."

"Weka kioo, acha maneno."

Alifungua ubao wa mlango, akakung'uta chenga za kioo cha zamani zilizokuwa zimedondokea humo, akaingiza kipya kwenye mpira wake na kukifunga. Kisha akazungusha kishikio. Kilipanda mpaka juu kikaziba kabisa, na kelele zote za barabarani zikapungua. Akakipangusa nje na ndani kwa kitambaa chenye sabuni, na safari hii sikumzuia mtu. Alipoondoka kwenda kunawa mikono, nilikitazama kutoka kila upande kuelekea jua. Kilikuwa safi. Nilichukia usafi wake. Ningetoa gari zima nipewe alama moja, hata ya kidole kidogo.

Niliporudi nyumbani tena, hapakuwa na ng'ombe wa kunisimamisha. Nilisimama mwenyewe mbele ya nyumba ya mama mkubwa, nikazima injini. Alitoka uani na khanga yake begani, na kwa mazoea akaja upande wa kushoto. Alifika mlangoni akainama, akachungulia kupitia kioo kipya. Sasa kila kitu kilionekana: kiti, mkanda wake unaoning'inia, na hakuna mtu. Alijua hatamkuta, lakini alitazama muda mrefu, na mimi nikatazama pale alipokuwa anatazama.

Kisha akainuka. Akapita mbele ya gari, mkono mmoja ukiegemea boneti, akaja kusimama upande wangu.

Miaka yote hiyo hakuna mtu wa barabara ile aliyewahi kuja upande wangu. Mimi nilikuwa dereva tu. Kioo changu kilikuwa kimefungwa, na kishikio kilikuwa kigumu kwa kutokutumika, nikakizungusha kwa mikono miwili huku yeye akisubiri. Baridi ikaingia yote. Mama mkubwa akapiga makofi ya salamu, na safari hii yalikuwa yangu.

Niliyaitikia. Akaniuliza habari za nyumbani, akaniuliza za watoto, za kazi, za kifua, na mimi nikamjibu zote moja moja, natetemeka, macho yananitoka machozi ya upepo na ya mama, na sikutaka amalize.